Cherubina de Gabriak: mshairi aliyetungwa na watu watatu

Agosti 1909 barua iliingia katika ofisi ya jarida ambalo lilikuwa bado halijatoa hata toleo moja. Jarida lenyewe ni Apollon, mjini St. Petersburg, na mhariri wake, Sergei Makovsky, alikuwa mbioni kuandaa toleo la kwanza ambalo lingetoka Oktoba. Karatasi ilikuwa na ukingo mweusi, ule wa kutangazia msiba. Bahasha ilifungwa kwa nta nyeusi, na kwenye nta umegongwa muhuri wa maneno ya Kilatini, Vae victis: ole wao walioshindwa. Ndani mlikuwa na mashairi, na chini ya mashairi sahihi ya herufi moja tu, Ch, ambayo kwa Kirusi huandikwa kwa alama moja. Anwani hakuna.

Makovsky aliyasoma, yakamkaa rohoni. Yalizungumzia nembo ya ukoo wa kale, msalaba, dhambi, ndoto za kifalme, na uzuri mchungu unaomtenga mwenye nao na watu. Baadaye simu ikalia. Aliyepiga alikuwa mwanamke, na kwa maelezo ya Makovsky mwenyewe, sauti yake ilikuwa tamu kuliko sauti yoyote aliyowahi kuisikia. Jina lake, alisema, ni Cherubina de Gabriak.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Barua zilikuja zimewekewa majani makavu yenye harufu katikati ya kurasa. Simu zilipigwa. Kidogo kidogo maisha ya mwanamke huyu yakajichora: ana damu ya Kihispania, ni Mkatoliki wa dhati, baba yake ni mkali, padri anayemuungamisha ni Mjesuti. Alipougua, ilielezwa kwamba alikesha akisali juu ya sakafu ya mawe mpaka akazimia. Alikuwa na binamu pia, Mreno wa ubalozini, ambaye Makovsky alimwonea wivu mkali. Binamu huyo aliitwa Don Garpia di Mantilla. Garpia ni lile jitu la hekaya za Kigiriki, nusu mwanamke nusu ndege, na mantilla ni shela ya wanawake wa Kihispania. Mshairi Maximilian Voloshin, aliyekuwa jikoni mwa mpango huu wote, alisema baadaye kwamba ilibidi mtu awe amependa sana ndipo asishtuke kusikia jina kama hilo.

Na Makovsky alikuwa amependa. Alipotuma maua, alijibiwa kwa barua ya kiburi iliyomlaumu kwamba hajui namna ya kutumia idadi za witiri wala hajui lugha ya maua. Maskini mhariri akabaki anahangaika kukumbuka alituma mangapi. Voloshin anasimulia pia kwamba Makovsky alisema, laiti angekuwa na pato la rubli 40,000 kwa mwaka, angethubutu kumchumbia. Wakati huo huo Cherubina, kwa simulizi ile ile, alikuwa anaishi kwa rubli 11 na nusu kwa mwezi.

Hizo rubli 11 na nusu zilikuwa mshahara wa ualimu wa Elizaveta Ivanovna Dmitrieva, ambaye rafiki zake walimwita Lilya. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1887. Baba yake alikuwa mwalimu wa mwandiko na alifariki mapema kwa kifua kikuu. Mama alikuwa mkunga. Maradhi ya baba hayakumwacha binti. Kifua kikuu cha mifupa na mapafu kilimlaza kitandani tangu akiwa na miaka 7 hadi 16, na kilipomwachia kilimwachia mguu wa kuchechemea. Voloshin anasimulia kwamba utotoni, kila alipopewa mwanasesere, ndugu zake walimvunja mguu mmoja, kwa hoja kwamba mtoto kiwete lazima awe na vitu vya kuchezea vilivyo viwete.

Lakini akili yake ilikuwa kali. Alisoma katika chuo cha ualimu cha wanawake mjini humo, akajikita katika historia ya enzi za kati na fasihi ya kale ya Kifaransa, akahudhuria pia masomo katika chuo kikuu cha Sorbonne, Paris, mwaka 1907. Tukio hili likisimuliwa kwa mkato, hutokea kana kwamba Voloshin alimwokota mwalimu mmoja asiye na lolote akamvika vazi la Kihispania. Sivyo. Watakatifu, makabaila na misalaba ya mashairi ya Cherubina ilikuwa ndiyo elimu yake. Alikuwa anavaa nguo iliyokuwa tayari kabatini kwake.

Kiangazi cha 1909 alikwenda Koktebel, kijiji cha pwani ya Bahari Nyeusi huko Crimea, ambako Voloshin na mama yake walikuwa na nyumba. Alisafiri pamoja na Nikolai Gumilev, mshairi kijana aliyefahamiana naye Paris, na ambaye alikuwa amemposa zaidi ya mara moja. Walipofika Koktebel, Dmitrieva alimchagua Voloshin. Gumilev akaondoka. Dmitrieva akabaki, na miezi ile ndiyo aliyoandika kwa wingi.

Jina nalo lilizaliwa huko. Voloshin alikuwa na kipande cha mzizi wa mzabibu alichokiokota ufukweni, kilichochongwa na mawimbi mpaka kikawa na sura ya kiumbe: mkono mmoja, mguu mmoja, na uso wa mbwa mwenye upole. Walikipa jina Gabriakh, lililotoka katika kitabu cha kale cha mapepo, jina la pepo anayekinga watu dhidi ya pepo wabaya. Kilikaa kwenye rafu ya vitabu vya washairi wa Kifaransa hadi Lilya alipopewa awe nacho. Kwa jina la kwanza walitaka linaloanza na Ch, na Lilya akakumbuka mhusika mmoja wa hadithi za Mmarekani Bret Harte, Cherubina, aliyeishi melini na kupendwa na mabaharia. Basi mwanamke wa nasaba ya juu kuliko wote katika ushairi wa Kirusi alipata jina lake kwa mpenzi wa mabaharia na kwa kipande cha mti chenye mguu mmoja. Sidhani kwamba aliyevunjiwa wanasesere utotoni hakuuona huo mguu mmoja.

Kwa nini asipeleke mashairi kwa jina lake? Alipeleka. Kwa mujibu wa Voloshin, Makovsky hakuyataka. Makovsky, mwana wa mchoraji mashuhuri Konstantin Makovsky, alikuwa mtu wa madaha aliyetaka jarida lake liwe na hadhi katika kila kitu, hata mavazi ya waandishi. Voloshin anadai alipendekeza wafike ofisini kwa suti za jioni, na alitamani wanawake wa jarida wawe wa mfano wa wachezaji baleti. Mwalimu mfupi, mnene kidogo, anayechechemea, aliyevaa nguo za kawaida, hakuwa na mahali katika picha hiyo. Simulizi hii ni ya mtu mwenye upande, na Voloshin alipenda hadithi nzuri kuliko hadithi kamili. Hata hivyo mwenendo wa Makovsky mwenyewe baadaye unaipa nguvu.

Swali linaloulizwa kila kisa hiki kinapotajwa ni hili: nani aliandika mashairi? Kwa miaka mingi wengi walidhani ni Voloshin. Yeye alikana. Alisema kazi yake ilikuwa ya mwelekezaji na mkaguzi: alidokeza mada, alipendekeza maneno, alitoa kazi za kufanya, ila mwenye kuandika alikuwa Lilya peke yake. Sioni sababu ya kutomwamini. Mtu anayetaka sifa hawezi kuikataa sifa ambayo watu wanamlazimisha kuipokea. Isitoshe, mashairi ya Voloshin ya wakati huo ni ya mtu anayetazama mandhari na vitu vya kale kwa jicho la mchoraji, naye hakika alichora. Ya Cherubina ni ya mtu aliyefungiwa chumbani anayejiona mwenyewe kila anakogeuka. Miaka tisa kitandani huzaa ushairi wa namna hiyo.

Lakini swali la nani aliandika mashairi si sawa na swali la nani alimtunga Cherubina. Hapo ndipo watu watatu wanapoingia. Dmitrieva alitoa beti na sauti. Voloshin alitoa kisa: baba mkali, Mjesuti, binamu, maradhi, muhuri. Makovsky alitoa mwili. Kwenye barua hapakuwa na picha hata moja; sura yote ilijengwa kichwani mwake, na aliijenga kwa vipimo vyake. Alipoona ameshindwa kuendesha uchumba huu kwa maneno yake, alimwendea nani kuomba msaada? Voloshin. Jamaa akawa anashauri pande zote mbili, anayetongoza na anayetongozwa, na wote wawili wakamshukuru.

Kuna jambo moja ambalo mimi naliona ndilo kiini. Siku moja kwenye simu, kwa kumbukumbu za Makovsky, Cherubina alijieleza umbo. Nywele zake, alisema, ni za rangi ya shaba. Uso umepauka bila tone la damu. Midomo imechorwa vizuri na pembe zake zimeshuka. Na mwendo wake ni wa kuchechemea kidogo, kama inavyowapasa wachawi. Mwanamke yule alimwambia ukweli. Kilema kilikuwemo ndani ya maelezo, hadharani, na mhariri akakimeza kama pambo. Mguu ule ule ambao ofisini ungekuwa dosari, kwenye simu uligeuka kuwa haiba. Ukitaka kujua hila hii ilimdanganya nani, na kuhusu nini, sentensi ile moja inatosha.

Toleo la pili la Apollon, la Novemba 1909 kwa kalenda ya zamani ya Warusi, lilichapisha mashairi 12 ya Cherubina kwa mkupuo. Kwa mwandishi ambaye hakuna aliyewahi kumwona, hiyo ilikuwa heshima kubwa mno. Toleo hilo hilo lilikuwa na makala ya Voloshin yenye kumpigia Cherubina falaki, kueleza nyota zilizomzaa, kumtambulisha kwa wasomaji. Mimi hapa ndipo ninapoacha kucheka. Kumchezea mhariri mwenye majivuno ni mzaha wa halali. Mhakiki kuchapa makala ya kumdhamini mtu anayejua hayupo ni kuwahusisha wasomaji ambao hawakuwa na kosa.

Tena kulikuwa na aliyeumia. Innokenty Annensky, mwenye miaka 54, mshairi na mfasiri wa Euripides, ambaye Makovsky alikuwa amemwomba awe nguzo ya jarida, alitarajia mashairi yake yatoke katika toleo la pili. Yaliahirishwa. Nafasi ilikuwa imechukuliwa. Annensky alimwandikia Makovsky barua ya mtu aliyejeruhiwa anayejitahidi kuficha jeraha, na tarehe 30 Novemba alianguka kwa maradhi ya moyo kwenye ngazi za stesheni ya treni, akafa. Alikuwa na moyo mbovu kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Cherubina alimuua. Mshairi Anna Akhmatova, aliyemhesabu Annensky kuwa mwalimu wake, hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Cha ajabu, katika uhakiki wake wa mwisho kuhusu ushairi wa wakati wake, uliotoka ndani ya jarida hilo hilo, Annensky aliandika juu ya Cherubina kwa uzito, na akaacha mlango wazi kwamba huenda binti huyo ni mazigazi tu. Yeye peke yake, nadhani, alikuwa amesoma mashairi badala ya bahasha.

Siri haikufika mwisho wa mwezi. Dmitrieva alimfunulia Johannes von Guenther, mshairi Mjerumani wa Baltiki aliyekuwa akizunguka duara lile. Guenther akamwambia mshairi Mikhail Kuzmin. Kuzmin, katikati ya Novemba, toleo la pili likiwa ndio kwanza limetoka, akamfikishia Makovsky pamoja na namba ya simu. Makovsky akapiga, na sauti aliyoizoea ikaitika. Jioni hiyo Dmitrieva akamwendea nyumbani kumwomba radhi.

Kilichosemwa chumbani humo tunakijua kwa njia mbili, nazo hazifanani. Katika simulizi ya Voloshin, Makovsky alijibeba kiungwana: alidai amekwisha kujua muda mrefu, na alikuwa akimpa tu nafasi ya kuimaliza tenzi yake hadi mwisho. Huo ni uongo wa adabu, na mtu anaweza kumheshimu kwa uongo huo. Kisha Makovsky akazeeka, akahamia Ufaransa baada ya mapinduzi ya 1917, na mwaka 1955 akachapisha kumbukumbu zake. Humo anaeleza mlango ulivyofunguka na nani aliingia: kichwa kikubwa, uso uliopauka, mdomo wenye meno yaliyotokeza. Anaeleza kwa urefu, kiungo baada ya kiungo, kwa karaha ambayo miaka 46 haikuipunguza. Dmitrieva alikuwa amekufa zamani. Watu wengine waliomfahamu walimkumbuka kwa macho yake na kwa ucheshi wake. Hakuna aliyemwita mrembo, lakini hakuna aliyemwona jitu. Ukurasa ule wa Makovsky ndio ushahidi bora zaidi wa upande wa mashtaka, na ameuandika mshtakiwa kwa mkono wake.

Kilichofuata kinapendwa sana na wasimuliaji, kwa hiyo nitapita haraka. Gumilev, ambaye Dmitrieva alikuwa amemkataa tena, alisema maneno machafu juu yake mbele ya watu. Tarehe 19 Novemba, katika karakana ya mchoraji Golovin juu kabisa ya ukumbi wa opera wa Mariinsky, wakati mwimbaji Chaliapin akiimba chini, Voloshin alimzaba Gumilev kofi. Annensky, aliyekuwepo, alisema mwandishi Dostoevsky alikuwa na haki: sauti ya kofi kweli ni ya majimaji. Tarehe 22 walikutana kwa bastola karibu na Chernaya Rechka, mahali alipopigwa risasi mshairi Pushkin mwaka 1837, na silaha zenyewe zilikuwa za zama za Pushkin. Gumilev alikosa. Bastola ya Voloshin haikulia. Kiatu cha mpira cha mmoja wa waliokuwepo kilipotelea kwenye theluji, magazeti yakapata la kuandika kwa wiki kadhaa, na Voloshin akabandikwa jina la utani lililotokana na kiatu hicho. Wote wawili wakaadhibiwa. Kabla mwaka haujaisha Gumilev alikuwa ameshafika Djibouti, njiani kwenda Harar, Ethiopia.

Ukihesabu gharama, hesabu haikugawanywa sawa. Gumilev alirudi na sifa ya msafiri, akamwoa Akhmatova mwaka uliofuata. Voloshin alichekwa, akarudi Koktebel, nyumba yake ikawa makimbilio ya washairi. Makovsky alibaki na jarida lake. Tena, kwa heshima yake lazima nilitaje hili, mwaka 1910 alichapisha fungu la pili la mashairi ya Cherubina, safari hii yakiwa yamepambwa na mchoraji Evgeny Lanceray, ingawa sasa alijua ni ya nani. Dmitrieva aliwakataa wanaume wote wawili na akaacha kuandika. Machi 1910 alimwandikia Voloshin kwamba alimfunulia kwa kitambo nguvu ya kutunga, kisha akamnyang'anya milele.

Sentensi hiyo imenisumbua. Mzaha umefichuka, sawa, aibu, sawa. Lakini kwa nini kipawa kiondoke? Washairi wamefichuliwa mara nyingi bila kunyamaza. Warusi hasa wana mila ndefu ya jambo hili. Katika miaka ya 1850 Aleksey Konstantinovich Tolstoy na binamu zake wa ukoo wa Zhemchuzhnikov walimbuni Kozma Prutkov, afisa wa serikali mwenye busara za kijinga, wakamwandikia wasifu na hata kifo, na mpaka leo Warusi wanamnukuu. Mwaka 1913 mshairi Valery Bryusov alitoa kitabu cha mashairi ya mwanamke wa kisasa aitwaye Nelli. Mwaka 1939, huko Paris, mwandishi Vladimir Nabokov alichapisha shairi kwa jina la Vasily Shishkov ili amnase mhakiki Georgy Adamovich, ambaye kila mara aliyabeza mashairi ya Nabokov. Adamovich alinasa, akamsifu Shishkov, na Nabokov akageuza ushindi wake kuwa hadithi fupi. Wote hawa walitoka wakiwa wazima.

Tofauti ni nani anashika kamba. Prutkov, Nelli na Shishkov walikuwa na mabwana waliojulikana tayari, wenye jina lao nyuma ya kinyago. Wakikivua, wana pa kurudi. Dmitrieva hakuwa na pa kurudi. Jina lake halisi lilikuwa limekwisha kukataliwa mlangoni, na jina lililokubaliwa halikuwa lake peke yake. Sifa zote zilizoingia ziliandikwa kwenye daftari la Cherubina, na daftari hilo walilishika watatu. Msomaji wa mashairi ya magazetini kwetu amezoea lakabu, jina ambalo mtu hujipa na kulibeba kwa fahari hadi kaburini. Cherubina hakuwa lakabu. Alikuwa mtu mwingine, mrembo, tajiri, wa nasaba, anayependwa kwa kila kitu ambacho Dmitrieva hakuwa nacho. Kadiri mashairi yalivyosifiwa, ndivyo aliyeyaandika alivyozidi kuonekana si mwandishi wake anayestahili. Katika nyumba za rafiki zake alitunga kwa jina lake halisi beti za kumkejeli Cherubina, na watu walicheka. Njia nzuri ya kuondoa shuku. Lakini pia alikuwa na haki ya kumchukia.

Voloshin alijaribu tena. Si muda mrefu baadaye alimkuta Marina Tsvetaeva, msichana mwenye mashairi mengi kiasi cha kuwatia wahariri hofu, akamshauri ayagawe: mashairi ya Urusi yatoke kwa jina la mshairi wa kiume, Petukhov, na mengine yawe ya mapacha, kaka na dada wa ukoo wa Kryukov. Tsvetaeva alifurahishwa na wazo, akalikataa. Alieleza jambo hili katika maandishi marefu ya kumwomboleza Voloshin baada ya kifo chake mwaka 1932, kwa mapenzi tele na bila kumlaumu. Ila alikataa. Alikuwa na umri wa kuweza kudanganyika na jina lake mwenyewe lilikuwa tayari limechapishwa kwenye jalada la kitabu. Mwenye jalada anaweza kukataa kinyago.

Akhmatova naye ana maoni, na ni makali kama kawaida yake. Aliandika kwamba miaka ile ya 1909 na 1910 kulikuwa na nafasi ya siri wazi katika ushairi wa Kirusi, nafasi ya mwanamke, na Cherubina aliikimbilia. Pambano la bastola, au kitu fulani ndani ya mashairi yake, kikamzuia asiikalie, na majaliwa yakataka iwe ya Akhmatova. Kuna chumvi ya mshindi hapo. Lakini amegusa jambo. Naye Akhmatova hakuwa Akhmatova. Alizaliwa Gorenko, na baba yake hakutaka jina la ukoo lionekane chini ya mashairi, basi akachukua la upande wa mama. Jina la kubuni lilimfaa kwa sababu alilichagua mwenyewe na mwili uliolivaa ulikuwa wake. Golovin hakuhitaji kumwaza. Angeweza kumketisha kwenye kiti na kumchora.

Ningefunga uchambuzi hapa kama Dmitrieva asingeishi zaidi ya Cherubina kwa miaka 19. Mwaka 1911 aliolewa na mhandisi, Vsevolod Vasiliev, akachukua jina lake, akasafiri naye Turkestan, Asia ya Kati. Alizama katika mafundisho ya kiroho ya Rudolf Steiner na kuwa miongoni mwa viongozi wa wafuasi wake mjini Petersburg. Baada ya mapinduzi alijikuta Ekaterinodar, kusini, ambako yeye na Samuil Marshak waliandika tamthilia za watoto, kazi ya njaa na ya furaha kwa pamoja, na Marshak akawa baadaye mmoja wa waandishi wakubwa wa watoto katika Urusi ya Kisovyeti. Alirudi Petrograd, yaani St. Petersburg kwa jina lake la wakati huo, akafanya kazi katika ukumbi wa maonyesho ya watoto, kisha maktaba. Mashairi yalikuwa yamerudi polepole, bila Mhispania ndani yake. Mwaka 1927 alikamatwa kwa sababu ya mafundisho yale ya Steiner na kupelekwa uhamishoni Tashkent.

Huko akatembelewa na Julian Shchutsky, mtaalamu wa fasihi ya Kichina, rafiki wa moyo wake. Nyumba aliyoishi ilikuwa na mpeasi uani. Shchutsky alimpa wazo, na Dmitrieva akaandika mashairi 21 mafupi, kila moja mistari saba, yaitwayo nyumba ndogo chini ya mpeasi, kwa jina la Li Xiang Zi, mwanafalsafa wa Kichina aliyehamishwa na wakubwa kwa sababu ya kuamini kwamba roho ya mwanadamu haifi.

Kinyago kingine, miaka 18 baadaye, na tena kwa dokezo la mwanamume aliyempenda. Mtu angedhani hakujifunza. Lakini soma masharti. Hapakuwa na mhariri wa kudanganywa. Hakuna jarida ambalo lingechapisha. Wasomaji walikuwa marafiki wachache wanaojua kila kitu. Li Xiang Zi hana uzuri, hana mali, hana binamu ubalozini. Ana uhamisho, mpeasi, rafiki aliye mbali, na imani iliyomponza. Alichokificha kwa Mchina yule ni jina tu, na hakuna aliyeulizia. Wale wanaozipima kazi zake, nami nikiwemo, wengi huziona beti hizi 21 kuwa juu ya zile zilizomfanya Makovsky akose usingizi: ni kavu, hazina manukato, na hazitaki kupendwa.

Alifariki Tashkent kwa saratani ya ini tarehe 5 Desemba 1928, akiwa na miaka 41. Shchutsky alipigwa risasi katika kamatakamata ya miaka ya 1930. Mashairi ya mpeasi yalibaki kwa marafiki hadi yalipochapishwa pamoja na mengine miongo kadhaa baadaye, na kwenye majalada ya vitabu hivyo wachapishaji huweka jina ambalo wana hakika msomaji atalitambua dukani: Cherubina de Gabriak.